Mihadhara 20,000 Nyuma ya Mlango: Uchambuzi wa Kisa cha Berkeley

Tarehe 15 Machi 2017, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianza kuondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000 za video na sauti za mihadhara ambayo hadi siku hiyo ilikuwa ikipatikana bure kwa yeyote mwenye intaneti. Hakuna aliyekuwa amelalamika kwamba mihadhara hiyo ni dhaifu kitaaluma. Lalamiko lilikuwa kwamba viziwi hawawezi kuifuata, na kwamba chuo cha umma hakiwezi kuuita mlango kuwa wazi kwa wote wakati kundi zima la watu haliwezi kuupita. Chuo kilipotakiwa kuurekebisha mlango huo, kiliufunga.

Wengi waliokisimulia kisa hiki wakati ule walikiona kama mvutano kati ya wapenzi wa elimu huria na watetezi wa haki za watu wenye ulemavu, mvutano ambao ndani yake upande mmoja hauwezi kupata bila mwingine kupoteza. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara nazidi kuamini kwamba mtazamo huo haukitendei haki. Kosa lililozaa uamuzi wa 2017 lilitendeka miaka mingi nyuma, siku ambayo chuo kilianza kurekodi bila kumkabidhi mtu yeyote kazi ya kuandika manukuu, yaani maandishi ya yale yanayosemwa, yanayopita chini ya video. Yaliyofuata ni deni lililokuwa likikua kila muhula, hadi lilipofika siku ya kudaiwa.

Chuo kilichokuwa kikijua

Berkeley kilikuwa miongoni mwa vyuo vya mwanzo kupeleka kamera na vinasa sauti ndani ya kumbi za mihadhara na kuyatoa masomo hayo nje. Mwaka 2007 kilianza kuweka kozi nzima nzima katika YouTube. Havikuwa vipande vya kujitangaza, bali muhula kamili, kipindi baada ya kipindi, kama wanafunzi wenyewe walivyoupokea. Mihadhara mingine ilisambazwa kupitia iTunes U, huduma ya Apple ya kusambaza masomo, na mwaka 2012 chuo kilijiunga na edX, jukwaa la kozi za mtandaoni lililokuwa limeanzishwa mwaka huohuo na vyuo vya Harvard na MIT. Ilikuwa zawadi kubwa, na sitaki uchambuzi huu usomwe kama unaidharau, kwa kuwa mtu ambaye hangeweza kamwe kulipa ada ya chuo kama hicho aliweza kukaa usiku na kumsikiliza profesa akifundisha.

Lakini Berkeley hakikuwa chuo kigeni kwa suala la ulemavu. Mwaka 1962 kilimpokea Ed Roberts, kijana aliyepooza kwa polio na aliyehitaji mashine ya kumsaidia kupumua usiku. Kwa kuwa hapakuwa na bweni lililoweza kubeba mashine hiyo, aliishi katika hospitali ya chuo. Waliomfuata walikusanyika hapohapo, wakaanzisha huduma ya wanafunzi wenye ulemavu, kisha mwaka 1972 kikazaliwa mjini humo Kituo cha Maisha ya Kujitegemea, kilichoigwa baadaye katika miji mingi ya Marekani. Nalitaja hili kwa sababu linaondoa mapema utetezi mmoja, ule wa kutokujua. Chuo kilichojifunza nusu karne mapema kwamba ngazi bila njia ya kiti cha magurudumu humfungia mtu nje kilikuwa na kila sababu ya kutambua kwamba video bila manukuu hufanya vivyo hivyo.

Lalamiko na barua

Waliolalamika walikuwa wafanyakazi wawili wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, wakiungwa mkono na Chama cha Taifa cha Viziwi cha Marekani. Gallaudet kiko Washington, na kilipewa mamlaka ya kutoa shahada mwaka 1864 kwa sheria iliyotiwa saini na Abraham Lincoln. Ni chuo ambamo viziwi husoma, hufundisha na huendesha mambo yao kwa lugha ya alama na kwa Kiingereza cha maandishi. Kwa maneno mengine, waliolalamika walikuwa wasomi waliotaka kutumia maarifa ya wasomi wenzao, maarifa ambayo mwenye nayo alikuwa amekwisha kutangaza kwamba anayatoa kwa kila mtu.

Wizara ya Sheria ya Marekani ilichunguza, na tarehe 30 Agosti 2016 ikakiandikia chuo barua ya matokeo. Msingi wake ulikuwa Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu ya mwaka 1990, ambayo sehemu yake ya pili inazibana taasisi za umma. Wachunguzi walikuwa wamezipitia kozi 16 za edX zilizokuwa hewani Machi na Aprili 2015, wakaongeza nyingine 10 mwezi Januari 2016, na wakaangalia pia mihadhara ya YouTube na iTunes U. Walikuta video zisizo na manukuu, video zenye manukuu yaliyotengenezwa na mashine na kuachwa yalivyo, hati ambazo programu za kusoma skrini, zinazomsomea asiyeona kwa sauti, hazikuweza kuzisoma, picha na michoro isiyo na maelezo ya maandishi, maandishi yenye rangi iliyokaribiana mno na ya nyuma yake, na mahali ambapo maana ilibebwa na rangi peke yake.

Jambo moja husahaulika kila kisa hiki kinapotajwa. Barua hiyo haikukitaka chuo kiondoe chochote. Ilikitaka kiyafanye maudhui yafikike, kirekebishe taratibu zake, na kiwalipe fidia walioathirika. Sheria yenyewe inatoa pia njia ya kujitetea, kwani taasisi hailazimiki kufanya jambo litakaloibebesha mzigo wa fedha au wa utawala uliopita kiasi, ila ni sharti ionyeshe hivyo baada ya kupima rasilimali zote ilizo nazo. Wizara ilisema Berkeley hakikuwa kimeonyesha.

Kinachotokea kwenye skrini

Ni rahisi kuisoma orodha ya kasoro kama hiyo na kuiona kuwa mambo madogo ya kiufundi, kwa hiyo ni vema kusogea karibu na kutazama kasoro moja moja inamfanyia nini mtu.

Tuanze na manukuu ya mashine, maana ndiyo yanayowadanganya wengi. Mwenye kusikia anapoyaona yakipita chini ya video huridhika kwamba kazi imefanyika, kwa kuwa sikio lake linayasahihisha bila yeye kujua. Kiziwi hana sikio la kusahihishia. Kwake yale maandishi ndiyo mhadhara wenyewe. Mashine hukosea hasa pale penye uzito, yaani kwenye majina ya watu, istilahi za fani, tarakimu na ukanushi. Kwa Kiingereza, kumi na tano na hamsini hutofautiana kwa sauti moja nyepesi ya mwisho, na neno la "inaweza" na lile la "haiwezi" hutofautiana kwa konsonanti ambayo mzungumzaji wa haraka huimeza. Mhadhiri anasema dawa fulani haiwezi kutolewa pamoja na nyingine. Maandishi yanasema inaweza. Sentensi imekaa sawa kisarufi, haina alama yoyote ya kuonya kwamba imeharibika, na msomaji hana namna ya kuishuku. Tena manukuu ya aina hiyo mara nyingi hayana vituo, na wanapozungumza watu wawili hayasemi nani ameanza na nani amejibu, hivyo swali la mwanafunzi linaungana na jibu la mwalimu kama kauli moja. Ndiyo maana naona Wizara ilikuwa sahihi kukataa kuyahesabu manukuu hayo kuwa manukuu.

Kisha kuna hati. Mtu anapochukua kitabu, akakipitisha kwenye skana na kukihifadhi kama PDF, anachokipata ni picha ya ukurasa. Jicho linaona herufi, lakini ndani ya faili hakuna herufi hata moja. Msomaji asiyeona anaifungua, programu yake ya kusoma skrini inatafuta maandishi, haikuti, na ama inanyamaza kimya au inatamka tu kwamba ukurasa ni mtupu. Hata pale maandishi yanapokuwamo kweli, mpangilio unaweza kuyavuruga. Ukurasa wa safu mbili usiowekewa alama za mpangilio unaweza kusomwa kwa kuvuka kutoka safu ya kushoto kwenda ya kulia, mstari kwa mstari, hata hoja mbili zikasukwa kuwa maneno yasiyo na maana. Jedwali lisilo na vichwa vilivyotambulishwa hugeuka mfululizo wa namba zinazotamkwa moja baada ya nyingine, na msikilizaji hajui ipi ni ya mwaka gani wala ya nchi gani.

Kuna pia kasoro ambayo haimo kwenye faili bali kinywani mwa mwalimu. Profesa anasimama ubaoni, ananyoosha kidole na kusema, "Hii ikiongezeka, ile inapungua, na hapa ndipo zinapokutana." Kwa aliye ukumbini na mwenye macho, sentensi hiyo inatosha. Kwa asiyeona anayeisikiliza nyumbani, hakuna hata nomino moja ndani yake. Hakuna programu itakayoiokoa baadaye, lakini yeye mwenyewe angeiokoa papo hapo kwa kusema bei ikiongezeka, mahitaji yanapungua. Halikuhitajika fungu la fedha wala fundi, ilitosha mazoea ya kutaja kwa jina kile anachokionyesha.

Mambo haya yote yalikuwa yamekwisha kuandikiwa mwongozo. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, lilitoa toleo 2.0 la Mwongozo wa Ufikivu wa Maudhui ya Wavuti mwezi Desemba 2008, wakati mkusanyiko wa Berkeley ulikuwa bado mchanga. Humo imeelezwa kwamba video iliyorekodiwa iwe na manukuu, picha iwe na maelezo mbadala, kila kinachofanyika kwa kipanya kiwezekane kwa kibodi, na, katika ngazi ya kati ya mwongozo huo, iitwayo AA, maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Chuo chenyewe kilikuwa na maelekezo ya ufikivu kwa watayarishaji wa kozi. Maelekezo yalikuwapo, lakini kuyafuata kuliachiwa mhadhiri mmoja mmoja, ambaye alikuwa na mitihani ya kusahihisha, utafiti wa kuandika na wanafunzi mlangoni. Kazi iliyoachwa kwa hiari ya kila mtu haikuwa na wa kuulizwa ilipokosa kufanyika.

Uamuzi wa kufunga

Mwezi Septemba 2016, wiki chache baada ya barua, uongozi ulitangaza kwamba hatua zilizotakiwa ni za gharama kubwa mno na kwamba huenda ukalazimika kuyaondoa maudhui ya bure. Machi 1, 2017 ukatangaza kwamba unayaondoa. Mihadhara ya zamani ingewekwa mahali panapohitaji utambulisho wa chuo ili kuingia. Pamoja na barua ya Wizara, uongozi ulitaja sababu nyingine, ikiwamo kuwalinda wahadhiri dhidi ya watu waliokuwa wakizichukua rekodi na kujinufaisha nazo. Chuo kilikuwa pia kimekwisha kuacha kutoa rekodi mpya hadharani tangu 2015 kwa ajili ya bajeti, jambo linaloonyesha kwamba mradi huo ulikuwa umeanza kupoa kabla barua haijaandikwa.

Hoja ya gharama siipuuzi, na ninataka kuipa uzito wake. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kila rekodi ni ya saa moja, na kwamba mtu mzoefu anahitaji saa tano kuiandikia saa moja ya mhadhara manukuu sahihi, kuyapanga na muda na kuyahakiki. Rekodi 20,000 zinakuwa saa 100,000 za kazi. Mtu mmoja anayefanya kazi saa 2,000 kwa mwaka angehitaji miaka 50 kuzimaliza, au watu 50 wangehitaji mwaka mzima. Chuo cha umma kilichobanwa kibajeti kinapoona hesabu ya namna hiyo kina haki ya kushtuka.

Lakini hesabu hiyohiyo tuitazame kutoka upande wa pili, kwa kozi moja katika muhula wake. Vipindi vitatu vya saa moja kwa wiki, kwa wiki 14, ni saa 42 za mhadhara. Kwa kipimo kilekile, hizo ni saa 210 za kazi zilizotawanywa ndani ya zaidi ya miezi mitatu, ambazo mfanyakazi mmoja wa nusu siku angeweza kuzibeba. Kama mashine ingetoa rasimu na mtu anayeijua fani akaisahihisha, muda ungepungua zaidi. Muhadhiri angekuwapo kuulizwa jina alilolitamka, istilahi ingekuwa bado mbichi vichwani, na slaidi zingekuwa mezani. Miaka kumi baadaye hakuna anayekumbuka ni nadharia gani ilitajwa dakika ya 34, na profesa mwenyewe huenda amestaafu. Kwa hiyo kiasi kilichokitisha chuo mwaka 2017 hakikuwa gharama ya ufikivu peke yake. Kwa sehemu kubwa kilikuwa gharama ya kuuahirisha.

Wala hapakuwa na ulazima wa kuchagua kati ya yote na hakuna. Chuo kingeweza kuanza na kozi zilizotazamwa zaidi, kingeweza kuweka ratiba ya miaka kadhaa na kujadiliana na Wizara juu yake, kingeweza kumwandalia manukuu kwanza yule aliyeomba kozi fulani. Chuo hicho kimejaa wanafunzi wa isimu, wa kompyuta na wa kila fani iliyomo kwenye rekodi zile, na kuwalipa kuhakiki maandishi ya somo wanalolijua kungekuwa kazi yenye heshima na mafunzo ndani yake. Kila mojawapo ya njia hizo ingeacha kitu fulani wazi kwa mtu fulani.

Kufunga hakukumsaidia kiziwi hata mmoja. Kulimfanya tu mwenye kusikia akose pamoja naye, na hapo ndipo inaponiuma zaidi, kwa sababu hasira ya waliokosa iliwaangukia walalamikaji. Waliambiwa ni wabinafsi, kwamba kwa kuwa wao hawawezi kusikia basi hawataki wengine wasikie. Watu wawili walioomba kuingizwa wakageuzwa kuwa sababu ya wote kutolewa, wakati uamuzi wa kutoa ulikuwa wa mwenye nyumba. Maneno ya namna hiyo hubaki yakifanya kazi yake muda mrefu baada ya kesi kwisha, kwa kuwa mwanafunzi mwenye ulemavu katika chuo kingine, anayetafakari kama aombe hati inayosomeka, hujifunza kutoka kwayo kwamba kuomba ni hatari.

Rekodi zenyewe hazikutoweka kabisa. Kundi moja la nje lilikuwa limezinakili na kuziweka kwenye mtandao wake, zikiwa vilevile zilivyokuwa, bila manukuu. Kwa asiyesikia, nakala hizo hazikubadilisha chochote.

Amri ya 2022

Vyuo vingine vilivyoshtakiwa kwa jambo hilohilo vilipita njia nyingine. Chama cha Taifa cha Viziwi kilivipeleka Harvard na MIT mahakamani Februari 2015; vyote viwili vilipinga kwa miaka kadhaa, lakini Harvard kilifikia makubaliano Novemba 2019 na MIT Februari 2020, na vyote vikakubali kuwekea manukuu maudhui yao ya mtandaoni yaliyo wazi kwa umma. Hivyo ni vyuo binafsi vyenye akiba kubwa, na ulinganisho na chuo cha umma hauwezi kuwa kamili. Hata hivyo vimeonyesha kwamba video za mihadhara zinaweza kuendelea kuwa hadharani huku zikiandikiwa manukuu.

Kwa Berkeley, mwisho wa kisheria ulikuja Novemba 2022, Wizara ya Sheria ilipotangaza amri ya makubaliano iliyowasilishwa mahakamani. Chuo kilikubali kuyafanya maudhui yake yote yajayo ya mtandaoni yaliyo wazi kwa umma, pamoja na sehemu kubwa ya yale yaliyokwisha kuwapo, yafikike na watu wenye ulemavu, yaani kozi zake za edX, video, podikasti na tovuti. Kilikubali pia kurekebisha sera, kufundisha wafanyakazi, kupima maudhui, kuleta mkaguzi huru kutoka nje, na kumteua mtu mmoja wa kuratibu ufikivu wa wavuti. Amri iliwekewa muda wa miaka mitatu na nusu.

Katika orodha hiyo, kwangu mimi uzito uko kwa yule mratibu. Manukuu, vichwa vya majedwali na uwiano wa rangi vilikuwa vimeelezwa kwa kina tangu 2008, na hakukuwa na siri ndani yake. Kilichokosekana ni mtu mwenye cheo, bajeti na mamlaka ya kumwambia mkuu wa idara kwamba kozi hii haitatoka wiki hii kwa sababu hati zake ni picha tupu, na neno lake likasimama. Kuanzia barua ya Agosti 2016 hadi amri iliyomweka mtu huyo ilipita zaidi ya miaka sita. Kijana kiziwi aliyemaliza shule ya sekondari mwaka ule wa barua, akitamani kusikiliza kwa macho yake mhadhara wa kwanza wa Berkeley, alikuwa na muda wa kutosha kuanza shahada kwingine, kuimaliza na kuingia kazini kabla amri hiyo haijaandikwa.